Mzee wa Glavu na Mvua ya Mawe

Majani chai yakipondwa na mvua ya mawe hutoa harufu ambayo sijawahi kuisikia kwingine, ingawa ni kweli kwamba mimi mwenyewe sijafika kwingine kwingi. Si harufu ya chai. Chai ya kikombe hunukia kama kitu kilichotulia. Hii ni mbichi, chungu, inakwaruza pua kidogo, kama nyasi zilizokatwa zikachanganywa na udongo uliolowa ghafla. Wiki jana iliingia jikoni kwangu kabla hata mvua haijakatika. Nikasimama na mwiko mkononi, ugali ukishika chini ya sufuria, nikawa tena mtoto wa darasa la tatu aliyekumbatia kitabu kisicho na jalada.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Gesima na vilima vya jirani hamhitaji kuelezwa kitabu cha picha kilikuwa nini siku zile. Nyumbani kulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo za kanisani, na kalenda ya miaka iliyopita iliyobaki ukutani kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Vitabu vya shule tuligawana watatu watatu, na ukiketi mwisho wa dawati uliona nusu ya kila ukurasa. Kwa hiyo shangazi yetu Kerubo alipokuja kututembelea na kitabu kizima, kikubwa kama sinia, chenye rangi kila mahali, nilidhani amekosea nyumba.

Shangazi Kerubo alifanya kazi Kisii mjini, katika nyumba ya familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua, na mama mwenye duka akamwambia achukue chochote alichotaka katika vitu walivyokuwa wakivitoa. Shangazi alichukua mablanketi, sufuria moja isiyo na mkono, na kile kitabu. Kilikuwa na harufu ya ubani na bizari, nami nilikuwa nikikinusa kwanza ndipo nikifungue. Hadi leo nikipita mbele ya duka la viungo, picha za bustani hunijia zenyewe.

Maana kilikuwa kitabu cha bustani. Kwa kadiri ya Kiingereza changu, kilihusu mzee mmoja na msichana wa viatu vyekundu vya mpira, huko Ulaya, na shamba lao dogo lililozungushiwa ukuta wa mawe. Ukurasa wa kwanza wanapanda mbegu. Halafu maua yanatoka, jua linawaka, nyanya zinaiva. Halafu miti inageuka njano na nyekundu, na majani yote yanaanguka. Ukurasa wa mwisho kila kitu ni cheupe. Theluji. Mzee ameketi ndani, dirishani, anatazama nje. Msichana hayupo. Baada ya hapo hakukuwa na kitu ila gundi iliyokauka na uzi uliochomoza, kwa sababu mtoto fulani wa mjini alikuwa amezing'oa kurasa zilizofuata.

Jioni, baada ya kukamua, mama alikuwa akiketi jikoni akichambua chinsaga, zile mboga zetu chungu, nami namfunulia kurasa kando ya moto. Mama hakusoma Kiingereza, lakini picha za shamba alizisoma kuliko mwalimu wangu, na hakuna alichokipenda.

"Huyu mzee analima na glavu?" akauliza siku ya kwanza kabisa. "Anaogopa udongo?"

"Mama, ni baridi."

"Baridi gani, na jua hili hapa?" Akafunua. "Na hawa, mbona wamelala chini nje mchana kweupe? Wanaumwa?"

"Wanaota jua."

"Majirani hawana macho?"

Tulipofika kwenye mti wa majani ya njano alisogea karibu na taa, akautazama kwa huruma ya kweli. "Huu umekosa mbolea," akasema. "Wamwambie huyo mzee avue glavu, aweke mbolea."

Mwishoni kabisa, kwa mzee aliyeketi dirishani, alitoa hukumu yake: "Mvivu. Shamba limeharibika, yeye anatazama tu. Mzee mvivu." Kisha akarudi kwenye mboga.

Kaka yangu Momanyi, aliyekuwa darasa la sita na aliyejua kila kitu, alisema ule weupe ni chumvi. Tulibishana pia juu ya kitu kimoja kwenye ukurasa wa kwanza. Pale pembeni, chini ya ukuta, kivulini, kulikuwa na kitu cheupe kidogo chenye umbo lisiloeleweka. Momanyi alisema ni kondoo amelala. Mimi nikasema kondoo hana miguu? Akasema imekunjwa. Nikasema ni gunia la unga limepasuka. Alinicheka wiki nzima. "Eti mtu analeta unga shambani! Kuwapikia nyanya?" Ubishi ule haukuisha. Tuliutunza, kama familia nyingine zinavyotunza mbwa.

Mimi nilikiamini kitabu kuliko nilivyomwamini mama. Nilimwomba kipande cha ardhi, akanipa ukanda mwembamba kati ya jikoni na michai, mahali ambapo kuku walikuwa wakijigaragaza vumbini. Nikaupanga mawe pembeni kama ukuta wa yule mzee. Nikapanda maharagwe, na mbegu za maua ya njano nilizopewa na mwalimu wa shule ya Jumapili. Sikuwa na viatu vya mpira, lakini nilivaa soksi za Momanyi mikononi, zikawa glavu. Momanyi aliponiona alikaa chini kabisa kwa kucheka. Tangu siku ile jina langu likawa Mzungu wa Gesima, na kuna wazee hapa kijijini ambao hadi sasa wakinisalimu huanzia hapo.

Kisha nikangoja majani yaanguke. Nyinyi mnajua kilichotokea: hakuna. Kwetu ni kijani Januari, kijani Agosti, kijani Krismasi. Michai haijui kuanguka majani, misipresi ndiyo usiseme. Nilihisi tumesahauliwa. Nikaukwea mvokado wetu nikaanza kuyang'oa majani yaliyoonekana kuelekea kwenye njano, ili kuusaidia mwaka usogee, hadi mama akaja chini ya mti na kuuliza kwa upole kama nimekuwa mbuzi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine mwaka ule, na ndilo lililonifanya nikishike kitabu kama mtu anayeshika mlango. Baba alifanya kazi Nakuru. Alikuja Pasaka, na kabla hajaondoka nilimsikia kupitia ukuta wa udongo akimwambia mama kwamba amepata nyumba ya vyumba viwili, karibu na shule, yenye maji ya mfereji. Amechoka kupika mwenyewe. Twende wote.

"Na chai yangu?" mama akauliza.

"Chai ataangalia ndugu yangu."

"Ndugu yako anaweza kuangalia kivuli chake?"

Halafu mama akasema neno ambalo mimi, nikiwa kitandani, nililibeba kama jiwe: "Majani yakikubali mwaka huu, nakaa. Yakikataa, tutafunga mizigo tuje."

Momanyi alifurahi waziwazi. Alikuwa ameshaanza kuzungumza juu ya mikate na taa za barabarani. Mimi nililia chini ya blanketi. Sikuwa nimeiona Nakuru, lakini nilijua haina mvokado wetu, haina ukanda wangu wa maharagwe, wala sauti ya mama akimwita ng'ombe. Hata leo mimi ni mtu wa aina hiyo. Nilichagua sekondari ya kutwa ili nisilale nje, na nikienda arusini Magwagwa naanza kuaga kabla wali haujaiva. Watu huzaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na mizizi, na aibu yake nimeshaizoea.

Kwa hiyo nilianza kuitazama michai kwa jicho la mama. Asubuhi nilipopita kwenda shule nilikagua machipukizi. Yalikuwa mengi, yanang'aa, na mama alirudi kutoka kituo cha kuuzia majani akiimba. Tutakaa, nikajiambia. Maharagwe yangu nayo yalikuwa yametoa maua meupe.

Ilikuwa mchana wa joto lisilo la kawaida. Tulikuwa tumetoka shule mapema. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Kericho, si meusi bali ya rangi ya kijivu inayoelekea kijani, na kuku wakaingia ndani bila kuitwa. Tone la kwanza lilipiga bati kama mtu ametupa kokoto. Halafu likaja lingine. Halafu yakaja yote pamoja, kelele kubwa hivi kwamba Momanyi alikuwa akinipigia ukelele sikioni na mimi naona mdomo tu. Mama aliingia akikimbia kutoka shambani, kikapu kichwani badala ya mgongoni, na punje za barafu zikaingia naye mlangoni zikibingirika hadi chini ya kiti.

Ilipokwisha, kimya chake kiliumiza masikio. Nikafungua mlango.

Kila kitu kilikuwa cheupe. Njia ilikuwa nyeupe, paa la choo jeupe, ukanda wangu mweupe kutoka jiwe hadi jiwe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekuja Gesima wenyewe, kwa miguu! Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nikatoka miguu mitupu, nikarukaruka, nikajaza mikono, nikajaza mdomo. "Theluji!" nilipiga kelele. "Momanyi, si chumvi! Nimeonja! Si chumvi!"

Nikageuka kuwatafuta.

Mama alikuwa amesimama mwisho wa ua, pale michai inapoanzia, mikono juu ya kichwa kama watu wanavyosimama penye msiba. Na ndipo ile harufu ikanifikia. Mbichi, chungu. Michai ilikuwa vijiti. Machipukizi yote yalikuwa chini, yamechanwachanwa, kijani juu ya weupe. Mahindi yalikuwa kama matambara. Majani ya migomba yalikuwa yamepasuka nyuzinyuzi. Maharagwe yangu sikuyaona kabisa.

Mama hakulia. Aliokota jani, akalinusa, akalitupa. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Momanyi. Teremsha sanduku."

Sanduku la bati, lile la safari, lilikaa juu darini. Momanyi alilishusha, na nilitarajia uso wake ung'ae. Haukung'aa. Alilifuta vumbi polepole, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nakuru kuna mikate, unajua," kama mtu anayejaribu dawa kwa mwingine kwanza.

Nami nikakumbuka kile ambacho furaha ilikuwa imekificha: baada ya weupe hakuna ukurasa. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara zisizohesabika na nilijua kinavyokwisha. Majani yanaanguka, kunakuwa kweupe, mzee anabaki dirishani, na msichana hayupo. Sasa nilijua hata alikokwenda. Walimhamisha. Walimpeleka Nakuru ya kwao.

Asubuhi mama alikuwa akikunja mablanketi ya Shangazi Kerubo. Mimi nilichukua kitabu nikatoka nacho. Nilikuwa na nia ya kukitupa mtaroni, kule chini ya shamba. Kitabu kilichojua mambo haya yote na hakikuniambia, kilifaa nini?

Mtaro ule ulipita chini ya mstari wa mwisho wa michai, mahali ambapo jua halifiki hadi saa sita. Nikainua kitabu. Na pale chini, kivulini, juu ya majani yaliyooza, nikaona kitu cheupe. Kidogo, cha mviringo mbovu, kimechafuka pembeni. Pande zote kulikuwa na udongo mweusi na matone. Weupe wote wa jana ulikuwa umekwisha yeyuka isipokuwa ule, uliokuwa umesukumwa na maji ukarundikana pale kwenye baridi.

Nilisimama nikiutazama. Haukuwa na miguu, wala iliyokunjwa. Haukuwa gunia.

Nikaketi kwenye tope, nikafungua ukurasa wa kwanza. Mzee anapanda. Msichana wa viatu vyekundu amebeba mkebe wa mbegu. Na kule pembeni, chini ya ukuta, kivulini, kondoo wa Momanyi. Unga wangu. Nikaweka kitabu kando ya ule weupe wa mtaroni, nikaangalia huku, nikaangalia huku.

Sijui nilipandaje kile kilima. Najua nilifika mlangoni nikiwa na tope hadi kiunoni na mama akasema, "Nini tena?"

"Mama, ukurasa wa kwanza unakuja baada ya wa mwisho!"

"Kapanguse miguu."

"Mama, tazama! Hiki hapa si kondoo. Ni theluji iliyobaki! Ilianguka, ikaisha, ikabaki hii, ndipo wakapanda. Na msichana yupo! Hawakumhamisha!"

Momanyi alikuja akainama juu ya bega langu. Alitazama muda mrefu, maana kumpoteza kondoo wake hakukuwa jambo dogo. "Lakini hata wewe na unga wako hukupatia," akasema hatimaye.

Mama aliacha blanketi likiwa limekunjwa nusu. Alichukua kitabu, akakipeleka penye mwanga. Akatazama ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza, akaenda wa mwisho tena, kidole chake cheusi kwa utomvu wa chai kikitembea juu ya ule ukuta wa mawe.

"Kwa hiyo huyu mzee," akasema polepole, "alipigwa hivi hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila kitu kikaenda?"

"Kila kitu."

"Akakaa ndani, akangoja iyeyuke, akatoka akapanda."

"Ndiyo."

Akakitazama zaidi. "Na bado amevaa glavu," akasema, na mdomo wake ukakataa kutulia, na mama yangu akacheka. Alicheka hadi akashika mlango. Alikuwa hajacheka tangu mawingu yaje, na Momanyi akaanza naye, na mimi, niliyekuwa nimekuja na habari kubwa kuliko zote maishani mwangu, nikasimama na tope langu nisijue kama nimesikilizwa.

Kisha akaenda pembeni, akateremsha kibuyu cha mbegu, akanimiminia maharagwe mikononi. "Nenda kapande ule mchezo wako. Udongo umelowa vizuri. Na soksi za mtu uziache ndani."

Sanduku halikurudi darini. Mama aliweka mahindi ndani yake, kwa sababu panya hawawezi bati, na hapo ndipo nilipojua. Michai ilikaa vijiti kwa muda, tukala ndizi zilizoanguka na mboga za porini, na mama alifanya kibarua cha kupalilia kwa watu. Halafu siku moja, kwenye kijiti kilichoonekana kimekufa kabisa, nikaona nukta ya kijani kama kichwa cha sindano. Baba alikuja Krismasi akala kuku, akarudi Nakuru peke yake, akapika mwenyewe hadi alipostaafu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba niliokoa nyumba yetu kwa kitabu. Nilikuwa hata na namna ya kukisimulia kisa hicho, nikianza taratibu, nikipumzika mahali pa kupumzika. Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia mama mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wewe, mwaka ule ng'ombe wetu hakuwa na mimba?"

"Sikumbuki."

"Alikuwa na mimba. Kubwa. Nani anamwacha ng'ombe mwenye mimba kwa sababu ya mvua?" Akatikisa kichwa. "Sanduku nilisema tu kwa hasira."

Inawezekana. Lakini nilimwona akikunja mablanketi, na mtu hakunji mablanketi kwa hasira, kona kwa kona, namna ile. Hatujakubaliana hadi leo. Momanyi, ambaye ndiye aliyehamia Nakuru mwishowe, anasema kwenye simu kwamba hakumbuki ng'ombe wala kitabu, anakumbuka kondoo tu.

Basi wiki jana, baada ya kuondoa ugali ulioungua, nilivuka ua kwenda kwa mama. Miguu yake siku hizi haimpeleki mbali. Nilimkuta kwenye kiti chake, ameketi dirishani, shali mabegani, anatazama nje. Ua mzima ulikuwa mweupe. Kule nyuma michai yangu, iliyokuwa yake, ilikuwa vijiti, na ile harufu imejaa chumba kizima. Nilisimama mlangoni, na safari hii aliyekuwa na uso wa msiba ni mimi.

Hakugeuka. "Yule mzee wako wa kitabu," akasema.

"Naam, Mama."

"Nilimsema bure. Hakuwa mvivu. Magoti yalikuwa yanamuuma." Akavuta shali. Nje, weupe ulikuwa umeshaanza kutoboka, udongo ukionekana huku na huku. Akanigeukia, akanipima kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayekagua jembe la kuazima.

"Sasa mbona umesimama? Mbegu ziko ndani ya sanduku."